Nguvu ya mrija mmoja si nguvu ya kamba

Kuna sentensi inanikera. Kila anayeandika habari za nanotyubu za kaboni, yaani mirija midogo mno iliyojengwa kwa atomi za kaboni, lazima aiweke, tena juu kabisa: eti zina nguvu mara mia kuliko chuma na uzito wake ni sehemu ya sita tu. Nimeikuta magazetini, nimeikuta kwenye mabango ya mikutano ya wataalamu, na watu wanaitia kwenye maombi ya fedha za utafiti huku wakijua fika wanachokifanya. Uongo si uongo. Lakini inausema mrija mmoja, wenye unene wa nanomita chache au makumi machache (nanomita ni sehemu ya milioni ya milimita), ulioshikwa ncha mbili ndani ya hadubini ya elektroni na kuvutwa mpaka ukakatika. Hakuna mtu duniani aliyewahi kufunga ngalawa kwa mrija mmoja.

Mimi nasoma uzamivu Leeds, Uingereza, upande wa nyuzi na polima, yaani vitu kama plastiki ambavyo molekuli zake ni minyororo mirefu. Nimezaliwa Jambiani, pwani ya mashariki ya Unguja, na mama yangu anasokota kamba za usumba tangu kabla sijazaliwa. Naliweka hili wazi mapema ili msomaji ajue hasira yangu inatoka wapi.

Tuanze na hizo namba zenyewe. Sumio Iijima, mtafiti wa kampuni ya NEC kule Japani, ndiye aliyeifanya dunia ya sayansi igeuze shingo mwaka 1991, alipochapisha picha za mirija ya kaboni iliyopangika tabaka ndani ya tabaka. Mwaka 2000 kikundi cha watafiti Marekani kiliikamata mirija 19 ya aina hiyo, mmoja mmoja, na kuivuta. Ilikatika kati ya gigapaskali 11 na 63 (gigapaskali ni kipimo cha mzigo kwa eneo la uzi, na moja ni sawa na megapaskali elfu). Waya wa chuma ulio bora sana unafika gigapaskali mbili, tatu. Tena walichokiona ni kwamba tabaka la nje pekee ndilo lililobeba mzigo: likikatika, yale ya ndani yanachomoka tu, hayana habari. Mwaka 2018 watu wa Chuo Kikuu cha Tsinghua, Beijing, walichukua mirija mirefu ya sentimita kadhaa, wakaifunga pamoja wakaisawazisha mkazo, wakapata zaidi ya gigapaskali 80. Hiyo ni kazi ya kuvuliwa kofia. Lakini mirija yenyewe ilikuwa michache sana, na urefu wake ndio huo.

Sasa swali la mtoto wa msokotaji kamba: ukitaka mita mia unafanyaje?

Usumba ni mfupi. Asiyewahi kuushika halijui hili, maana anaiona kamba ndefu akadhani ndani yake mna kitu kirefu. Uzi mmoja wa usumba ni kama shibiri moja na kidogo, na kamba inapimwa kwa pima. Ndani ya kamba hakuna hata uzi mmoja unaotoka mwanzo mpaka mwisho. Kule kwetu makumbi ya nazi yanafukiwa pwani, kwenye mchanga unaofunikwa na kufunuliwa na maji, yanawekewa mawe juu, na yanakaa miezi mpaka nyama yake ioze. Yakifukuliwa yananuka, na hiyo harufu haitoki nguoni upesi. Yanapigwa kwa gongo, usumba unatenganishwa, unaanikwa, ndipo unasokotwa kwa viganja. Na mama anapoongeza usumba mpya hangoji ule wa zamani uishe. Anauingiza mapema, huu ukiwa bado katikati, ili ncha za hizi na hizi zisikutane pahala pamoja. Zikikutana, kamba itakatikia hapo hapo, na mvuvi atarudi kusema.

Kinachoishika kamba nzima ni msokoto. Ukiivuta, mizunguko inazibana nyuzi, zikibanwa zinakwaruzana, na mkwaruzano huo ndio unaotoa mzigo kwa uzi mmoja kuupeleka kwa jirani yake. Ukisokota kidogo zinateleza. Ukisokota kupita kiasi nyuzi zinalala upande, haziangalii tena njia ya mvuto, na nguvu inapungua. Kuna pembe iliyo sawa katikati, na viganja vya mama vinaijua. Kisha kamba mbili zilizosokotwa kuelekea kulia zinasokotwa pamoja kuelekea kushoto, kila moja inataka kufunguka na mwenzake anaizuia.

Habari yote ya nyuzi za nanotyubu iko hapo. Wala si mimi niliyebuni ulinganisho huu. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Texas kule Dallas, maabara ya Ray Baughman, walitoa karatasi iliyosema waziwazi kwenye kichwa chake kuwa wamepunguza ukubwa wa teknolojia ya kale. Mmoja wa waandishi watatu alikuwa Ken Atkinson, aliyetoka CSIRO, shirika la utafiti la Australia, na kazi yake ilikuwa sufu ya kondoo. Nililipenda hilo mara tu nilipolisoma. Wanafizikia wana mirija ya ajabu, hawajui waifanyeje, wanamwita mtu wa sufu.

Walichofanya ni hiki. Nanotyubu zinaoteshwa juu ya kipande cha silikoni zikiwa zimesimama wima zimesongamana, kimo chake sehemu ya milimita. Unazishika pembeni unavuta. Zinazotoka zinavuta zilizo nyuma yake, nazo zinavuta za nyuma yake, utepe unatoka bila kukatika. Wakati unavuta, unasokota, na walisokota mizunguko kama 80,000 kwa kila mita, kwa sababu uzi wenyewe una unene wa mikroni chache tu (mikroni ni sehemu ya elfu ya milimita) na pembe ile inayotakiwa haipatikani vinginevyo. Uzi mmoja ukatoa megapaskali 150 mpaka 300. Waliposokota nyuzi mbili pamoja, ikapanda: 250 mpaka 460.

Soma tena hizo namba. Ni megapaskali. Mrija mmoja ulitoa gigapaskali 63, uzi wa mirija hiyohiyo ya kaboni ukatoa sehemu ndogo ya gigapaskali moja. Mkonge wa Tanga unapimwa megapaskali 400 na kuendelea. Yaani uzi wa kwanza wa nanotyubu kusokotwa kwa namna ile ulikuwa unagombania nafasi na magunia, na sioni aibu yoyote katika hilo. Aibu ni kuificha.

Sababu ni utelezi. Ukuta wa nanotyubu ni laini kuliko kitu chochote nilichowahi kukipima, atomi za kaboni zimepangwa hazina kovu, na mrija unateleza juu ya mwenzake kwa nguvu ndogo mno. Zinavutana, ndiyo, lakini mvutano huo ni mdogo kwa kila nanomita, hivyo inabidi zilale ubavu kwa ubavu kwa urefu mkubwa sana ndipo jumla yake ifae. Mirija mifupi haishikani. Ndiyo maana maabara zote, kila moja kwa njia yake, zinahangaika na mambo mawili: mirija iwe mirefu, na ilale sambamba.

Cambridge, kikundi cha Alan Windle, walivuta uzi moja kwa moja kutoka kwenye tanuri. Wanaingiza mvuke wa pombe na kichocheo cha chuma, mirija inajitengeneza hewani ikiwa moto wa zaidi ya nyuzijoto 1,000, inashikana ikawa moshi mzito unaovutika, wanaukamata kwa fimbo na kuuzungusha. Hiyo nayo ni ya 2004. Mwaka ule ulikuwa mzuri kwa fani hii.

Chuo Kikuu cha Rice, kule Houston, Marekani, walipita njia ya asidi, na njia hiyo ina historia ndefu zaidi ya nanotyubu. Mwaka 1965 Stephanie Kwolek, mkemia wa kampuni ya DuPont, alipata myeyusho wa polima usiofanana na mingine: mwembamba na wenye ukungu, ilhali myeyusho mzuri ulitarajiwa uwe mzito na angavu. Wengine wangeumwaga. Fundi wa mashine ya kusokotea alikataa mwanzoni kuupitisha, akiogopa utaziba matundu. Ulipopita, ukatoa uzi ambao baadaye dunia iliujua kwa jina la Kevlar, ule wa fulana za kuzuia risasi. Ule ukungu ulikuwa alama kwamba minyororo ya polima, kwa kuwa ni migumu haipindi, imeshajipanga sambamba ndani ya majimaji kabla haijafika kwenye tundu. Mwanasayansi Lars Onsager alikuwa ameieleza hesabu ya vijiti vigumu kujipanga hivyo mwaka 1949, na Paul Flory akaendeleza 1956. Kevlar inayeyushwa kwa asidi ya salfuriki. Matteo Pasquali na wenzake wa Rice walikuta nanotyubu nazo zinayeyuka, zinayeyuka kwelikweli kila moja peke yake, ndani ya asidi ya klorosulfoniki. Asidi hiyo ni balaa. Ikigusana na maji inalipuka na kutoa mvuke unaochoma. Lakini ndani yake mirija inapata chaji, inasukumana, inajipanga. Ukiusukuma myeyusho kwenye tundu dogo kuingia kwenye asetoni au maji, asidi inatoka na uzi unabaki.

Mwaka 2013, wakishirikiana na kampuni ya Teijin Aramid ya Uholanzi, walitoa uzi wenye nguvu ya gigapaskali moja hivi unaopitisha umeme vizuri. Mwaka 2021 wamefika 4.2, na kwa uzito ule ule umeme wake unakaribia wa shaba. Kutoka robo ya gigapaskali hadi nne kwa miaka isiyofika ishirini! Kwa maoni yangu hii ndiyo habari ya kuandikwa juu kabisa, badala ya ile sentensi.

Na bado uzi wa kaboni wa kawaida, ule wa ndege na baiskeli za mashindano, unanunuliwa dukani ukiwa na gigapaskali sita na zaidi. Huo umetokana na plastiki. Akio Shindo wa Osaka ndiye aliyeonyesha njia, karibu na mwaka 1960: unachukua poliakrilonitrili, polima ileile ya sweta za akriliki zinazojaa kwenye marobota ya mitumba, unaupasha uzi wake hewani kwenye nyuzijoto 200 hadi 300 huku ukiuvuta usijikunje. Unageuka manjano, kahawia, mweusi. Kisha unaupeleka kwenye naitrojeni juu ya nyuzijoto 1,000, na kila kisicho kaboni kinatoka. Karibu nusu ya uzito inapotea njiani.

Kazi yangu iko hapo katikati. Tunatia nanotyubu kidogo sana ndani ya poliakrilonitrili kabla ya kuitoa uzi. Kikundi cha Satish Kumar, chuo cha Georgia Tech kule Marekani, kimeifanya kazi ya namna hii kwa miaka mingi. Wazo ni kwamba uzi ukivutwa, minyororo ya polima inajilaza kwenye ubavu wa mirija, na ikishaungua mpangilio ule unabaki. Kuizuia mirija isigandamane ndani ya kiyeyushi ndiko kunakoniharibia wiki zangu, na sitamchosha mtu kwa hilo.

Ninachokipenda ni kupima. Unakata kadi ngumu iwe fremu yenye dirisha la milimita 25. Unatenganisha unyuzi mmoja kutoka kwenye fungu, kazi ya kibano, kitambaa cheupe kwa chini na taa ya pembeni, kwa sababu una mikroni saba na bila taa hauonekani. Unaulaza katikati ya dirisha, tone la gundi ya epoksi huku na tone kule, unauacha mpaka kesho. Asubuhi unaupima unene chini ya hadubini pahala kadhaa, maana haulingani. Unaibana fremu kwenye taya za mashine, kisha unachukua mkasi mdogo na kukata kadi kushoto na kulia kwa dirisha, na hapo ndipo unyuzi unabaki peke yake kati ya taya mbili. Mtu akifungua mlango kwa nguvu, umekwisha. Mashine inavuta pole pole, mstari kwenye kioo unapanda umenyooka, halafu unadondoka. Husikii kitu. Ukitazama, unyuzi haupo, umegeuka vumbi, umebaki mkia kwenye kila tone la gundi.

Gigapaskali nne kwenye uzi wa mikroni saba ni mzigo wa gramu kumi na tano hivi. Watu wakisikia hilo wanasikitika.

Na haitoki namba moja. Fungu lilelile, siku ileile, huu umetoa tatu na huu umetoa tano. Ukibadilisha dirisha liwe milimita 50, wastani unashuka. Mhandisi Griffith alilieleza hili mwaka 1921 kwa nyuzi za kioo, akiwa Farnborough, Uingereza: kinachoua ni kovu, na uzi mrefu una nafasi zaidi ya kuwa na kovu baya. Kwa hiyo mtu akikupa nguvu ya uzi bila kukwambia ameupima kwa urefu gani, hajakwambia kitu. Mrija wa mikroni chache hauna makovu mengi ya kuonyesha.

Siku moja mashine ilikuwa haina mtu nikapima usumba. Nilikuja nao kwenye bahasha, wa makumbi ya nyumbani. Ulitoa megapaskali 150 hivi, lakini uzi wake ni mnene, robo ya milimita kasoro, hivyo unyuzi mmoja ulibeba karibu nusu kilo. Tena ulirefuka karibu theluthi nzima ya urefu wake kabla ya kukatika. Uzi wa kaboni unakatikia kwenye asilimia mbili hivi. Mstari wa usumba kwenye kioo unapanda, unapinda, unaendelea kutambaa, mashine yenyewe ikawa kama haiamini. Sababu ni kwamba ndani ya usumba selulosi imezunguka kwa pembe ya kama digrii 45, na ukivutwa inajinyoosha kwanza. Mkonge pembe yake ni ndogo, ndiyo maana una nguvu zaidi na haurefuki sana. Msimamizi wangu alipita, akatazama mstari, akaniomba nyuzi nne tano za kuwapa wanafunzi wa mwaka wa kwanza.

Niseme na la afya, kwa sababu ndugu zangu wanauliza. Nanotyubu ndefu na ngumu si vumbi la kuchezea. Mwaka 2008 watafiti wa Edinburgh na wenzao walizitia kwenye tumbo la panya na kuona madhara ya aina ileile inayoletwa na asbesto ndefu, na mwaka 2014 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani liliiweka aina moja, ile iitwayo MWCNT-7, kwenye orodha ya vinavyoweza kuleta saratani. Zikiwa unga, hatuzigusi nje ya kabati lenye kuvuta hewa, barakoa usoni, glavu mbili. Zikishakuwa ndani ya polima, hofu inapungua sana. Anayeuza bidhaa na kusema haina neno kabisa, muulize mirija yake ina urefu gani.

Jambo la kuchekesha kuliko yote nililisoma 2021. Watu wa Rice walitaka kushona nanotyubu kwenye fulana ya michezo ili isome mapigo ya moyo bila waya za kubandika kifuani. Nyuzi zao zilikuwa na mikroni 22, nyembamba mno kwa cherehani. Basi wakaenda kwa mtu anayeuza vimashine vya kusokotea kamba za merikebu za mfano, zile za kuwekwa kabatini kama pambo. Wakasokota mafungu matatu ya nyuzi saba saba, ikapatikana uzi wa unene wa kawaida, wakashona kwa mshono wa zigizaga ili fulana ikivutika usikatike. Ikasoma moyo. Nilimtumia mama ujumbe wa sauti nikimweleza, maabara ya Houston imekwenda kutafuta msokotaji kamba.

Alinijibu usiku. Hakuuliza habari ya moyo. "Mwanangu, hiyo kamba yenu inafungika?"

Ni swali zito kuliko yote niliyoulizwa kwenye fani hii. Uzi wa kaboni wa kawaida haufungiki. Ukiupiga fundo, upande wa nje wa mpindo unanyooshwa kupita uwezo wake wa asilimia mbili na unavunjika kabla fundo halijakaza. Kevlar inafungika lakini inapoteza nguvu nyingi pale fundoni. Nyuzi za nanotyubu tupu zinafungika: Dallas walilisema hilo kwenye karatasi ya 2004, na mwaka 2010 watu wa Cambridge walionyesha kuwa uzi wao wenye fundo unabeba sawasawa na usio na fundo. Utelezi uleule unaozinyima nguvu kwenye mvuto ndio unaoziokoa kwenye mpindo, maana mirija inasogea juu ya mwenzake badala ya kuvunjika.

Zetu, zenye polima iliyoungua na nanotyubu kidogo ndani, ziko upande gani? Hakuna aliyeniomba nilipime hilo na halimo kwenye mpango wa tasnifu. Nimeshakata fremu zenye dirisha pana zaidi, kwa sababu fundo linakula urefu, na Alhamisi mchana mashine haina mtu. Kwanza nitajaribu fundo la kawaida, kisha lile la wavuvi la kuungia mishipi miwili, ambalo nimelazimika kumpigia kaka yangu anielekeze tena kwa video.